Maji ya bomba yamekuwa barafu: nifueje, na mtoto nimwogesheje?

"Naishi Uyole, Mbeya. Tuko watu sita nyumbani, pamoja na mama mkwe mwenye presha na mtoto wangu wa miezi mitatu. Tangu mwezi wa sita uanze, maji ni ya baridi kupita kiasi. Sabuni ya unga haiyeyuki, nguo zikikauka zinabaki na vumbi jeupe, na mtoto ameanza kutoka vipele shingoni na mgongoni. Sabuni ya mche ndiyo haitoi povu kabisa. Shawa ya umeme tuliyofunga mwaka jana ilikuwa inachoma, sasa inatoa vuguvugu tu hata tukifungua koki mpaka mwisho. Fundi anasema imechoka, tununue nyingine. Mama mkwe anasema mtoto akizoeshwa maji ya moto atakuwa dhaifu, lakini akiguswa na ya baridi atapata nimonia. Dada wa kazi huwa anaingiza jiko la mkaa bafuni kwa muda mfupi ili chumba kipate joto kabla ya kumwogesha. Je, maji yetu yana tatizo? Na nifanyeje bila kumaliza umeme na mkaa?"

Dada yangu, nianze na jiko la mkaa, maana hayo mengine yanaweza kusubiri hadi kesho ila hilo halisubiri. Litoke bafuni leo. Najua dada wa kazi ana nia njema, na bila shaka anangoja mkaa uwe mwekundu na moshi uishe ndipo aliingize, akiamini hatari imeshapita. Moshi unaouma macho ni kweli umekwisha. Lakini mkaa ulioshika vizuri bado unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haiwashi koo. Ukiivuta, hung'ang'ania kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka mwilini ikiwa haina kitu cha kupeleka. Bafu ni chumba kidogo, mlango umefungwa ili joto lisitoke, na anayeingizwa humo ni mtoto wa miezi mitatu anayepumua haraka kuliko wewe. Kuacha kidirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Kila kipupwe huku nyanda za juu tunasikia habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke. Mkiwa ndani na jiko halafu kichwa kikaanza kuwauma wawili watatu kwa pamoja, au mtu akasikia kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi wa ghafla, tokeni nje wote na mwende hospitali, hata kama mtu anasema ameshapata nafuu.

Sasa maji yenyewe. Hayana ubaya wowote. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa saba joto hushuka hadi nyuzi 6 au 7, siku nyingine chini ya hapo. Wenzetu wa Makete na Kitulo huamka wakakuta sakitu, yaani barafu nyembamba, imetanda kwenye majani. Bomba lililofukiwa vizuri haliathiriki sana na baridi ya usiku mmoja, kwa sababu udongo hupoa polepole. Ndiyo maana maji ya kisima asubuhi huwa na ufukuto kidogo. Kinachowatesa ni simtanki lililoko juu ya mnara na yale mabomba yanayotambaa ukutani. Kipupwe chetu kina usiku usio na mawingu, na tangi linapoteza joto lake kwenda angani usiku kucha. Kwa hiyo maji ya saa kumi na mbili asubuhi ndiyo ya baridi kuliko yote katika siku nzima, na ndiyo saa hiyo kila mtu anataka kuoga. Kama nyumbani kuna koki inayotoka moja kwa moja kwenye bomba la mtaani bila kupitia tangini, chota hapo asubuhi. Mchana kinyume chake: tangi jeusi lililopigwa na jua mpaka saa tisa lina maji yenye joto kuliko ya bombani.

Katika hesabu za hapa chini nitachukua nyuzi 12 kuwa joto la maji yenu asubuhi ya mwezi wa saba, na nyuzi 19 kwa mwezi wa pili. Ukipata kipimajoto, pima ya kwako uweke namba zako.

Tuje kwenye kufua. Mafundi sabuni wanalijua hili vizuri, ila pakiti hazilisemi. Sabuni nyingi za mche zimetengenezwa kwa mafuta ya mawese au mafuta ya wanyama. Mafuta hayo yakigeuzwa sabuni, sehemu kubwa yake ni ya aina isiyoyeyuka vizuri kwenye maji ya baridi. Unasugua, unaona mche unaisha, lakini sabuni imebaki utando mzito juu ya kola badala ya kusambaa ndani ya maji. Na sabuni isiyosambaa haiwezi kuuzunguka uchafu na kuutoa kwenye uzi. Sabuni zenye mafuta mengi ya nazi au ya mise (kokwa za mchikichi) hutoa povu hata kwenye maji ya baridi, kwa hiyo ukibadilisha mche mwezi wa sita ukaona tofauti, hujajidanganya.

Dawa yake ni rahisi: usiipeleke sabuni ngumu kwenye maji ya baridi. Kwangua kipande cha mche kwa kisu au kikwaruzo, mimina maji ya moto juu yake kwenye kopo, koroga mpaka mapande yote yapotee, ndipo umimine kwenye beseni. Hapohapo unaweza kupima kama maji yenu ni magumu, jambo ambalo watu hulichanganya na baridi. Tia kidogo ya hiyo sabuni iliyoyeyuka kwenye chupa yenye maji yenu yaliyopashwa moto, kisha tikisa. Povu likija na kukaa, adui yenu alikuwa baridi peke yake. Likikataa, na badala yake ukaona mabonge meupe yanaelea na utando unashika kwenye kingo za chupa, basi maji yana madini mengi ya chokaa, na hapo hata moto hautakusaidia sana. Hamia kwenye sabuni ya unga, maana hiyo haishindwi na chokaa kwa urahisi.

Sabuni ya unga ina hadithi tofauti kidogo. Kile kinachoondoa uchafu ndani yake kinafanya kazi hata kwenye maji ya baridi. Kinachosumbua ni kuyeyuka. Humo kuna magadi, na maji ya nyuzi 20 huyeyusha magadi karibu mara tatu ya yale yaliyo karibu na kuganda. Ukimwaga unga kwa mkupuo kwenye beseni la maji ya baridi, chembe zinashikana na kufanya madonge chini, na kila donge ndani yake ni kavu. Hayo madonge ndiyo yanayokwama kwenye mishono na kwenye taulo, na ndiyo hilo vumbi jeupe unaloliona nguo zikikauka. Halafu unatazama povu, unaona dogo, unaongeza unga. Povu halifui. Unachokuwa umeongeza ni kazi ya kusuuza, na maji ya baridi husuuza vibaya: maji ya nyuzi 12 ni mazito kuliko ya nyuzi 38 kwa karibu mara mbili, hayapenyi wala hayatoki kwenye kitambaa kizito kwa wepesi uleule.

Fanya hivi. Chemsha lita moja ya maji. Kwa urefu wa Mbeya yatachemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100 kama Dar es Salaam, na inatosha kabisa. Koroga unga wako wote humo mpaka ukipitisha vidole au kijiko chini usisikie mchanga (vidole subiri yapoe kidogo). Mimina kwenye lita 9 za maji ya baridi. Beseni zima litakuwa limepanda kutoka nyuzi 12 mpaka karibu 20, yaani umeyarudisha maji ya mwezi wa pili kwa lita moja tu ya maji ya moto. Loweka muda mrefu kuliko ulivyozoea. Kama wakati wa joto ulikuwa unaloweka nusu saa, sasa ipe saa nzima. Kisha maji ya kusuuza ya kwanza yawe vuguvugu, yanayofuata yawe ya baridi. Wengi hufanya kinyume, wanatumia moto wote kwenye kufua na kusuuza kwa barafu, ndipo sabuni inabaki nguoni.

Nguo za mtoto zifue peke yake, kwa unga kidogo, usuuze mpaka maji yasiteleze vidoleni. Vipele vyake vinaweza kabisa kuwa vya sabuni iliyobaki nguoni. Lakini nisikudanganye: shingoni na mgongoni ndipo hasa mtoto anapotoka harara akifungwa sana, na kipupwe chetu tunawafunga watoto sweta, shali na blanketi mpaka wanatoka jasho ndani. Ingiza mkono mgongoni mwake akiwa amelala. Ukikuta majimaji, punguza nguo moja. Fanya yote mawili, usuuzaji mzuri na nguo chache, uangalie ngozi baada ya siku chache.

Kuhusu mafuta nguoni na kwenye vyombo, inategemea mmepika na nini. Mafuta ya alizeti hubaki maji hata kwenye baridi yetu kali, kwa hiyo sabuni na maji ya nyuzi 20 yanatosha. Mawese ya Kyela na mafuta ya kuganda ya kopo huganda kwenye joto la kawaida la chumba cha Mbeya, na mafuta ya ng'ombe hayayeyuki mpaka ufike nyuzi 40 na kitu. Sufuria ya nyama ukiisugua kwa maji ya baridi unahamisha mafuta kutoka chini kwenda pembeni, kutoka pembeni kwenda kwenye dodoki. Hapo tumia moto bila kuuonea huruma: lita moja ya maji yanayochemka kwa lita mbili za baridi itakupa karibu nyuzi 40. Futa kwanza mafuta kwa karatasi au jivu, usiyamwage kwenye sinki. Mabomba ya maji machafu ambayo huzibuliwa kila mwezi wa saba mengi yameziba kwa mafuta yaliyopita yakiwa ya moto na kugandia mbele kidogo. Damu, maziwa na mayai ni kinyume: anza na maji ya baridi, kwa maana moto huyapika yakang'ang'ania kwenye uzi. Hapa baridi ya Uyole inakusaidia bure.

Watu huniuliza pia kama maji ya baridi yanaua wadudu kidogo kuliko ya vuguvugu. Kwa mikono yako haina tofauti: hakuna maji ambayo ngozi inaweza kuyavumilia yakaua vijidudu kwa joto lake. Kinachowaondoa ni sabuni na kusugua kwa sekunde 20. Nepi za mtoto zipigie pasi ya moto zikikauka, inatosha. Anika kuanzia saa nne asubuhi, uanue kabla ya saa kumi na moja jioni unyevu haujarudi. Walioko Tukuyu na Njombe, wenye ukungu na manyunyu hata mwezi wa saba, wana shida kubwa kuliko yenu.

Shawa sasa. Kabla ya kutoa pesa, sikiliza hesabu moja. Shawa ya umeme haina akili ya kujua unataka joto gani. Inatoa nguvu ileile kila siku, tuseme kilowati 5.4 kama ilivyoandikwa kwenye kibati chake, na maji yanapanda kutegemea yanapita kwa kasi gani. Mwezi wa pili maji yaliingia yakiwa nyuzi 19. Mkifungua lita 4 kwa dakika yalitoka na nyuzi 38, safi kabisa. Mwezi wa saba yanaingia yakiwa 12. Kwa kasi ileile ya lita 4 yanatoka na nyuzi 31. Hilo ndilo vuguvugu lenu. Nanyi mkiona halitoshi mnafungua koki mpaka mwisho, maji yanapita kwa kasi zaidi, yanapoa zaidi. Ili mpate 38 mnatakiwa mshushe mpaka lita 3 kwa dakika. Funga koki taratibu, kidogo kidogo, mpaka usikie joto linapanda. Ukifunga kupita kiasi shawa itajizima, kwa kuwa swichi yake ya ndani inahitaji msukumo wa maji. Rudi nyuma kidogo. Kupima ni rahisi, shika ndoo ya lita 10 chini ya shawa uangalie saa: ikijaa kwa dakika 3 na nusu mko karibu sana na inapotakiwa.

Kuna jambo la pili ambalo huenda limemchanganya fundi. Jioni, watu wote wakiwasha majiko na shawa, umeme mtaani unaweza kushuka. Volti zikiteremka kutoka 230 hadi 200, shawa haipotezi kidogo, inapoteza karibu robo ya nguvu yake. Ogeni wengine saa kumi jioni mkaone kama kuna tofauti. Na fungueni kichujio kidogo kinapoingilia maji, mkiwa mmezima swichi kubwa, mkioshe. Kikiwa na mchanga, maji yanakuja kwa kukatika na joto linayumba. Kama baada ya haya yote bado ni vuguvugu hata kwa mkondo mwembamba, hapo ndipo nitakubali koili moja imekatika.

Ila mkinunua kubwa zaidi, msiishie kwenye shawa. Kilowati 5.4 zinavuta karibu ampea 24. Inatakiwa waya wake peke yake wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye ubao wa umeme, breka yake, ethi iliyopimwa, na breka inayokata umeme ukivuja. Nimeona shawa zimeungwa kwenye waya wa soketi, waya ukawa moto mkononi. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, na muulize ethi ameipimaje. Akikujibu kwamba shawa inawaka vizuri, hajakujibu. Mkisikia mtetemo wa umeme kidogo mkigusa koki au ukuta wa bafu wenye maji, zimeni swichi kubwa, msioge hapo mpaka pakaguliwe. Na ile koili ya kuchovya kwenye ndoo: kama mnayo, iwe kwenye ndoo ya plastiki, mbali na watoto, na asitie mtu mkono kupima joto kabla haijachomolewa ukutani. Watu hufa kwa kidole kimoja.

Mkaa na umeme mtaokoa wapi? Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 12 hadi 38 kunakula uniti 0.6 za umeme. Zidisha kwa watu sita uone kwa nini LUKU inalia. Kwa mkaa ni karibu theluthi ya kilo, jiko la kawaida. Wengine wanaamini kuchemsha maji kidogo na kuyachanganya kunapunguza gharama kuliko kupasha yote. Joto linalohitajika ni lilelile, lita 6 na nusu mpaka zichemke au lita 20 mpaka vuguvugu. Kinachotofautisha ni mfuniko, na kuepua mara yanapochemka. Sufuria inayotokota robo saa huku mtu anatafuta taulo inachoma mkaa kutengeneza mvuke.

Njia ya bure ambayo watu wachache huitumia: jioni ingiza madumu yenu ya kuogea ndani, myaweke jikoni baada ya kupika (jiko likiwa limeshatoka nje). Maji yaliyolala ndani yataamka na nyuzi 17 wakati ya tangini yana 12. Hizo nyuzi 5 ni karibu sehemu moja ya tano ya joto lote mnalohitaji, na hamjawasha kiberiti. Mchana weka beseni pana lenye maji ya kina kifupi juani, lifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga. Mume wako akitaka kwenda mbali zaidi, hita ya jua ni jambo la maana Mbeya, maana kipupwe chetu kina baridi na jua la kutosha kwa pamoja. Ielekezwe kaskazini, ndiko jua linakopita mwezi wa saba. Walioko Makete na Kitulo waulize kwanza kuhusu kuganda, mabomba yake membamba hupasuka kwa sakitu. Gharama ya kuanzia ni kubwa, sitakuficha, na kwa nyumba ya kupanga sikushauri.

Mtoto sasa. Mama mkwe wako amechanganya kweli na isiyo kweli, na umheshimu kwa ile sehemu ya kweli. Nimonia na mafua huletwa na vijidudu, hayaletwi na maji ya baridi. Kipupwe magonjwa hayo huzidi kwa sababu tunajifungia ndani tukikohoana. Lakini mtoto mchanga hupoteza joto haraka sana, na mtoto aliyepoa hunyonya vibaya na kuchoka, kwa hiyo hofu ya bibi ina msingi. Kuhusu kuzoea maji ya moto na kuwa dhaifu, hapana. Mtoto hana anachojifunza kwa kutetemeka.

Mwogeshe saa sita hadi saa nane mchana, kwenye chumba kinachoingia jua, madirisha yamefungwa kwa dakika chache. Si lazima bafuni. Si lazima kila siku pia: mara mbili au tatu kwa wiki mwili mzima inatosha, siku nyingine mfute uso, mikunjo ya shingo, kwapa na sehemu ya nepi. Tia maji ya baridi kwanza kwenye beseni, ya moto baadaye, kila mara, ili asije akatumbukia kwenye ya moto matupu. Jagi moja la maji yanayochemka kwa majagi mawili ya baridi kwa mwezi huu. Mwezi wa pili ilikuwa moja kwa matatu, na ndiyo sababu kipimo ulichozoea kimekuangusha. Koroga mpaka chini, kwani ya moto hukaa juu. Choveka kiwiko: usisikie moto wala baridi. Dakika tano, mtoe, mkaushe mikunjo yote, mweke kifuani kwako ndani ya kanga na blanketi. Mpake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Usipandishe joto la maji ukidhani unamsaidia. Maji ya moto huondoa mafuta ya ngozi, na hewa kavu ya mwezi wa saba inamalizia. Ninyi wakubwa mnaooga maji ya kuunguza halafu mnalalamika magaga, ni habari hiyohiyo.

Mama mkwe na presha yake anastahili maji ya vuguvugu kuliko wewe. Maji ya baridi yakimwagwa ghafla mwilini hubana mishipa na kupandisha presha papo hapo, na kwa mzee hilo si jambo dogo. Aoge mchana, aketi kwenye kigoda, aanze na miguu na mikono ndipo apande mwilini. Dawa zake asiziache kwa sababu eti baridi imeisha. Akipinda mdomo, akishindwa kuinua mkono au maneno yakimtoka vibaya, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, msimkande kwa maji ya moto kwanza.

Kwa mtoto, ngozi yake siioni kutoka hapa. Kama vipele havijapungua ndani ya wiki moja ya kusuuza vizuri na kupunguza nguo, au vikianza kutoa maji, usaha au magamba ya manjano, nenda kliniki. Usingoje wiki kama anapumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, anakataa kunyonya, amelegea, au kifua na tumbo lake ni vya baridi ukigusa; hapo ni siku hiyohiyo, usiku au mchana, na njiani mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi. Ukienda kwa ajili ya vipele tu, chukua pakiti ya sabuni ya unga uliyokuwa ukitumia na fulana yake moja iliyofuliwa kabla hujabadilisha utaratibu, ili daktari aone alichokuwa akivaa.